Mama Mkwe Mwenye Macho Makavu

Wapendwa, nimehubiri sehemu nyingi, na sehemu nyingi nimelaza watu. Kigoma mzee mmoja alikoroma mpaka nikapunguza sauti nisimwamshe. Kwa hiyo leo sitawachosha na maelezo marefu. Nina habari ya mfyatua matofali mmoja na mama mkwe wake, na nawaomba mvumilie mpaka wafike kanisani, baada ya hapo laleni mkitaka.

Mfyatua matofali huyo alifiwa na mkewe, akaachiwa binti mdogo, wa umri ule wa kuanza kutembea na kuokota kila kitu. Matanga yalipokwisha na watu kutawanyika, mama wa marehemu akabaki pale kumlea mjukuu, akilala jiko la nje. Sasa, kwao mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawasemezani ana kwa ana, na wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Si ugomvi, ni heshima. Naona mnaotoka pande hizo mmeanza kucheka.

Wangeishije, nao wako ua mmoja? Wakamfanya mtoto tarishi.

"Mjukuu wangu, mwambie baba yako chai iko tayari," bibi anasema, amegeukia mafiga.

"Mwanangu, mwambie bibi yako nimesikia," baba anajibu, amegeukia tanuru lake.

Mtoto mwenyewe hata neno chai hajaliweza. Anatazama huku, anatazama kule, anaendelea kula udongo. Ujumbe umefika.

Lakini moyoni mwa yule bwana palikuwa na jambo lililomkereketa. Siku ya mazishi wanawake wote walilia, hata wale waliofuata pilau. Mama wa marehemu hakudondosha chozi. Alisimama penye kaburi la mwanawe, macho makavu kabisa. Baadaye aliletewa ugali, akala, akamaliza. Na kesho yake alisikika jikoni akiimba wimbo wa kanisani, taratibu, kama mtu anayepepeta mchele na hana haraka.

Kaka yake yule bwana akamvuta pembeni. "Wewe umeona wapi mama asiyemlilia mtoto wake?"

"Labda ndiyo imani, kaka."

"Imani." Kaka akatema mate. "Mtu analia kwanza, imani inakuja nyuma. Huyo halii kwa sababu anajua alichokifanya."

Neno lile likamkaa. Tangu hapo chai ikawa haipiti kooni. Anaipokea, anashukuru kupitia kwa mtoto, anazunguka nyuma ya tanuru, anammiminia mbwa. Kisha anakaa kumtazama. Mbwa akitikisa mkia, anajiambia, aa, sumu yenyewe ni ile ya polepole. Mbwa akanenepa. Mfyatua matofali akakonda.

Siku moja akafungua sanduku la marehemu kutafuta shuka, akakuta sare ya kwaya ya mkewe haimo. Akaanza kuchunguza. Akagundua kwamba kila alfajiri mama mkwe anatoka uani, mtoto mgongoni, furushi kwapani, na jua likichomoza anarudi, uso umeoshwa. Nguo ya marehemu, mtoto, alfajiri. Niambieni, mngefikiri nini? Tusijifanye watakatifu hapa. Mimi jirani akiniomba chumvi mara mbili nachungulia dirishani nione anapika nini.

Basi akakata shauri. Jumamosi kaka aje na mashahidi, bibi arudishwe kwao, asimguse tena yule mtoto. Ila kwanza ajionee mwenyewe. Ijumaa alfajiri akashika fimbo, akamfuata. Kumnyemelea mama mkwe, jamani. Kwa desturi yao, mbuzi wa kuondoa aibu hiyo bado hajazaliwa.

Mama hakwenda makaburini, wala hakuingia porini. Alishika njia ya kanisani, akasukuma mlango, akaingia. Yule bwana akajibanza nyuma ya mlango, fimbo mkononi. Akamwona anafungua furushi, anatandaza ile sare kwenye benchi la kwaya, mahali pale alipokuwa akikaa binti yake. Anailainisha mikunjo. Kisha akalia. Hakikuwa kilio cha msibani, kile cha kupokezana. Alilia kama mtu anayetapika, kiganja kimeziba mdomo ili mtoto asiamke mgongoni.

Alipopata pumzi akasema, "Bwana, sikuja kukuomba unirudishie leo. Ulisema utamfufua. Nimekuja kukukumbusha tu."

Fimbo ikalegea. Yule bwana angeondoka kimyakimya, lakini mbwa alikuwa amemfuata, na mbwa hajui habari za wakwe. Akapita katikati ya mabenchi, akaenda kukaa mbele ya mama, akasubiri chai.

Mama akaelewa. Akavuta kanga mpaka usoni, akageukia madhabahu. Wakakaa hivyo, yeye kule mbele, mkwe nyuma ya mlango, na tarishi wao amelala fofofo. Hakuna wa kumtuma.

"Bwana Yesu," mama akasema mwishowe, "mwambie huyo aliye nyuma ya mlango aingie. Akae upande wa wanaume, atazame ukuta."

Akaingia. Akakaa. Akatazama ukuta.

"Bwana," akasema, "mwambie mama, mbona hakulia siku ya mazishi?"

"Mwambie alikuwa amesimama mbele yangu. Nilie mbele ya mkwe, nimvunjie heshima mwanangu siku ya kumzika? Na umwulize na yeye, mbona hakulia?"

"Bwana, mwambie mama alikuwa amesimama mbele yangu."

Kisha mama akasema, polepole, "Mwambie basi nilivyomwona mimi. Nilimwona mume asiyemlilia mkewe. Kila jioni anarudi macho mekundu, nikasema ametoka kwa muuza pombe, au kwa mwanamke. Chai yangu anammwagia mbwa, nikasema huyu anaogopa sumu kwa sababu yeye mwenyewe anaijua. Nikasema ndiye aliyemmaliza binti yangu. Ndiyo sababu mtoto namleta huku. Niliogopa kumwacha naye."

Mnaona? Mmoja alikuwa anataka kumwondoa mtoto asiuawe na bibi. Mwingine alikuwa anamficha mtoto asiuawe na baba. Na wote wawili wamefiwa na mtu mmoja.

"Mwambie mama," yule bwana akasema, "kuna tanuru moja kule bondeni limepoa, sijaliwasha tangu msiba. Jioni huwa naingia mle. Ndimo ninamolia."

Mama akamkaza mtoto mgongoni. "Bwana, mwulize kitu kimoja. Anaamini kwamba atamwona tena?"

"Mwambie mama, leo siamini. Nimejaribu. Sioni kitu."

"Mwambie si neno. Leo nitaamini mimi, kwa ajili yetu wawili. Kesho zamu yake, maana kesho sijui mimi nitaamkaje."

Jumamosi kaka alifika na mashahidi wake, wamevaa makoti. Wakamkuta ndugu yao anakunywa chai.

Ndugu zangu, sisi tumekuwa wakaguzi wa machozi. Anayelia sana tunasema anajionyesha. Asiyelia, ana lake jambo. Anayeimba hana uchungu, asiyeimba amepoteza imani. Nani basi atafiwa akatupendeza? Na tunamshuku hata Mungu, kwamba ametuchukulia mtu wetu na sasa yuko kimya kama asiyehusika.

Hata ile asubuhi ya ufufuo ilianza na shaka. Mama mmoja analia penye kaburi, anamtazama Bwana mwenyewe, anadhani ni mtunza bustani aliyeuhamisha mwili. Je, Bwana alimkemea kwa kumshuku? Alimwita kwa jina lake. Na Mtume hakutukataza kuhuzunika; alitukataza kuhuzunika kama watu wasio na tumaini. Kwa hiyo lieni. Lieni mmemgeukia yule aliyeahidi, mkimkumbusha. Yeye ndiye anayeweza kukaa katikati ya watu wawili wasioweza kutazamana.

Humu ndani wamo waliofiwa. Wengine tumaini lao leo ni kubwa. Wengine leo hawaoni kitu, na wamekuja hivyohivyo, nami nawashukuru kwa kuja. Sasa tusimame tuimbe. Asiyeweza, akae tu. Sehemu yake leo tutaiimba sisi.