Nusu ya Mchicha wa Bi Mwanaheri

Mchicha wa Bi Mwanaheri ulikuwa na wiki moja tu tangu uote kwenye ndoo kuukuu za rangi, mwenye nyumba akatokea.

"Uwanja wangu, jua langu. Nataka nusu."

"Nusu ya mavuno, Mzee Shebughe?"

"Ili ule kimyakimya uniachie mizizi? Nataka leo hii."

"Basi ng'oa mwenyewe, usije ukasema nimekupunja. Mche mmoja wako, unaofuata wangu, mpaka ndoo ya mwisho."

Mzee aliinama mpaka adhuhuri, akapata miche ya kujaza kiganja.

"Umeridhika?" akauliza, akijishika mgongo.

"Mno, mzee wangu. Mbegu nilimwaga nyingi, miche ikabanana. Isipopunguzwa haikui, na kiuno changu siku hizi hakikubali kuinama."