Mwiba Uliopima Maji ya Ndeseko

Paukwa!

Nanyi mniitikie polepole leo, maana hadithi hii ina kiu.

Pakawa.

Basi fumbeni macho, wakubwa kwa wadogo, mwone ninachokiona. Tazameni mto. Ni mto mpana, wenye kingo mbili, wenye mapindo yake na miti yake huku na huku. Una kila kitu cha mto isipokuwa maji. Pale maji yalipopaswa kupita umelala mchanga mweupe, kutoka ukingo huu hadi ukingo ule. Ukiukanyaga unaunguza. Ukitega sikio, kimya, jii. Lakini chimbeni. Chimbeni kwa mikono, kwaru, kwaru, kwaru. Mchanga mweupe, halafu mchanga wa kijivu, halafu mchanga baridi. Kisha, taratibu, maji. Yanachuruzika yenyewe mpaka yanatuama shimoni, yakitazama juu kama jicho.

Fumbueni macho. Mto huo uliitwa Ndeseko. Na mambo haya yalitokea zamani, zamani ya kale, wakati wanyama walipokuwa wakisemezana kama sisi.

Wanyama wa Ndeseko walikunywa kwenye mashimo. Kila ukoo ulikuwa na shimo lake. Bibi alimwachia binti, binti alimwachia mjukuu. Na palikuwa na desturi moja waliyoiheshimu kuliko zote. Ukoo ukishakunywa, mkubwa wao alitafuna gome la mti, akalitafuna mpaka likawa donge kubwa, akaliziba shimo kwa donge hilo. Kisha aliliuma mara moja juu yake, alama ya meno ikabaki. Kesho yake, kabla ya kuzibua, alitazama alama. Akiikuta ni ile ile ya meno yake, alijua hakuna aliyemwibia maji. Hapo moyo ulitulia. Hiyo ndiyo ilikuwa amani ya Ndeseko.

Mwaka mmoja mvua za vuli hazikuja. Wakangoja za masika, nazo hazikuja. Katika kiangazi hicho Mama Pundamilia alizaa mtoto wa kiume, mwenye miguu mirefu na magoti yanayotetemeka. Akamwita Kiangazi.

Mama Pundamilia alikuwa na shimo fupi. Kwato hazichimbi mbali, na shingo yake ilifika hapo tu ilipofika. Siku moja alizibua donge lake, akainamisha kichwa, akakuta maji yameshuka. Kesho yake yameshuka zaidi. Siku ya tatu alilamba mchanga wenye unyevu. Na mama asipokunywa, maziwa yanatoka wapi? Kiangazi alinyonya, akanyonya, akaacha, akaitazama chuchu kana kwamba ndiyo iliyomkosea.

Mama Pundamilia akasema ameibiwa. Akaenda moja kwa moja kwa Nyani, maana Nyani ana mikono, na mwenye mikono hakosi kushukiwa. Nyani alikuwa juu ya mgunga, anajikuna.

"Shemeji," Nyani akamwambia, "kuzibua ningezibua. Lakini yale meno yako ya kuumia donge, ningeyaazima kwa nani?"

Walicheka waliokuwapo. Mama Pundamilia hakucheka, ila alirudi kulitazama donge. Alama ilikuwa ya meno yake, haikuguswa. Hakuna aliyefungua shimo, na maji hayapo. Akasimama pale jua likimpiga mgongoni, asijue amlaumu nani.

Mbona hawakujua, mnaniuliza. Wangejuaje? Walitazama vifuniko. Hakuna aliyewahi kutazama chini.

Sasa palikuwa na mnyama mmoja aitwaye Mhanga. Masikio yake marefu, kucha zake kama majembe. Kazi yake kuchimba, na aliijua hasa. Wanyama walipoona maji yanashuka, kila mmoja alimwita Mhanga. Tembo alimwita. Akachimba, kwaru, kwaru, shimo la Tembo likaenda chini, maji yakaonekana. Wakamlipa kichuguu cha mchwa. Lakini shimo la Nyani likakauka, naye akamwita. Akachimba, kwaru, kwaru. Akapata kichuguu kingine. Shimo la Tembo likapungua, akaitwa tena. Akachimba huku, akachimba kule, akanenepa kwa mchwa, na kila alipomaliza shimo moja lingine lilikuwa linamngoja.

Mama Pundamilia naye alimwita. Mhanga alipima shimo kwa jicho, akampima na yeye, akatikisa masikio. "Mama," akasema, "shimo refu naweza kukupa. Shingo ndefu siwezi. Na nikilipanua, mchanga huu utaporomoka, utakufukia wewe na mwanao."

Ndipo Mama Pundamilia alipokwenda kwa Bibi Tembo. Bibi Tembo alikuwa mkubwa wa ukoo wa tembo thelathini na wawili, mwenye pembe moja iliyokatika ncha na macho ya upole. Alimsikiliza mpaka mwisho. Akashusha mkonga shimoni mwake, akavuta maji, akammiminia Mama Pundamilia mdomoni, chubu, chubu. Siku hiyo Kiangazi alishiba. Kesho yake Mama Pundamilia alikuja tena, akapewa tena, lakini mkonga ulikuja nusu. Siku ya tatu Bibi Tembo alisema kwa sauti ya chini kwamba ana wajukuu, na shimo lake nalo linapungua, na kwamba anamwomba radhi. Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa na wengi wa kunywesha.

Kiangazi akalala chini. Mtoto wa pundamilia hapaswi kulala mchana. Akilala mchana, mama yake anajua.

Siku hiyo hiyo Mhanga alikuwa ndani kabisa ya shimo la Nyani, akichimba. Kwaru, kwaru, kwaru, mara, ko. Akajaribu kando, ko. Akajaribu upande mwingine, ko. Mwamba. Hakuna chini tena. Akakaa pale gizani, maji yamemfika kwenye vifundo vya miguu, akawaza atawaambiaje walio juu. Na alipokuwa akiwaza akaona jambo. Maji yale yalikuwa yanashuka. Hakuna aliyekuwa akiyanywa, nayo yanashuka, yakauacha mguu wake polepole. Akatega masikio yake marefu. Kwa mbali, kupitia mchangani, alisikia vvuu, vvuu. Ulikuwa mkonga wa Bibi Tembo, kwenye pindo la pili la mto. Kila ukivuta, maji miguuni pake yanashuka.

Mhanga akatoka nje, tope pua nzima. Akawaita wote, akawaeleza. Akasema mashimo ni mengi lakini maji ni mamoja. Akasema yeye mwenyewe, kwa kucha zake, amekuwa akimchukulia huyu na kumpa yule, na kila aliyemshukuru alikuwa akishukuru kwa maji ya jirani. Akasema chini kuna mwamba, na hatachimba tena.

Hawakuamini. Nyani aliuliza kama mchwa wamemlewesha. Tembo mmoja kijana alisema shimo la ukoo wao lina alama ya meno, na hakuna mwizi anayepita mchangani kama samaki.

Basi akajitokeza Nungunungu. Alikuwa mnyama wa maneno machache, na watu wa namna hiyo hukaa kimya mpaka wasahauliwe. Alichomoa mwiba mmoja mgongoni mwake, mrefu kuliko yote. Mwiba wa nungunungu una pete, nyeusi na nyeupe, nyeusi na nyeupe, toka shinani hadi nchani.

"Tusibishane," akasema. "Tupime."

Akaomba siku mbili. Siku ya kwanza kila mmoja ashibe alfajiri, kisha asiguse shimo lake mpaka kesho. Siku ya pili anywe Bibi Tembo peke yake. Na mwiba akauchomeka katika shimo la Mama Pundamilia, kwa sababu lilikuwa fupi kuliko yote, na lilikuwa limekauka.

Siku ya kwanza wakangoja. Ndeseko nzima ikanyamaza. Jua likapanda, jua likashuka. Na asubuhi iliyofuata, ndani ya lile shimo kavu, maji yalikuwa yamerudi. Yalifika pete ya tano ya mwiba, ukihesabu kutoka chini.

Mama Pundamilia akasimama juu yake. Maji hayo yalikuwa yake, ndani ya shimo la mama yake na bibi yake. Nyuma yake Kiangazi amelala, ulimi nje. Hakuna ambaye angemlaumu kama angeyanywa. Mama Pundamilia akabana pua ili asisikie harufu ya maji, akawaambia waendelee.

Nyani alipanda mgunga ulio kati, mahali pa kuona huku na huku. Walikubaliana ainue mkono kila Bibi Tembo anapovuta. Akainua mkono. Akainua tena. Akainua tena. Na shimoni, mbele ya macho yao, pete ya tano ikatoka majini. Ikabaki na umande kidogo, kisha ikakauka. Ikafuata ya nne. Ikafuata ya tatu. Nyani alishuka mtini bila kuambiwa, na siku hiyo hakuwa na mzaha.

Bibi Tembo aliitwa aje aone. Akaja. Akatazama zile pete, akamtazama mtoto aliyelala, masikio yakamshuka.

"Basi," akasema, "siku zote hizi nimekuwa nikinywa maziwa ya mwanao."

Akaenda kwenye shimo lake, akavuta maji mpaka mkonga ukajaa, akarudi, akammiminia mama, kisha akainyunyizia midomo ya Kiangazi. Wajukuu zake walitazama. Hakuna aliyenung'unika.

Siku ile ile wakakaa kushauriana. Wengine walitaka waende kumwuliza Simba, anayekaa kwenye magenge ya mawe ya mbali. Mhanga akasema Simba hajui hata mchanga wetu uko wapi, na mpaka jibu lake lifike, watoto watakuwa wamekufa. Wanaokunywa hapa ndio watunze hapa. Hivyo wakaunda Baraza la Mchanga. Kila ukoo ukatoa mmoja, tembo mmoja, nyani mmoja, hata digidigi mmoja, na neno la digidigi likawa na uzito sawa na la tembo. Juu ya hilo walibishana hadi jua likainama. Tembo kijana alisema mwenye tumbo kubwa awe na neno kubwa. Mama Pundamilia akamjibu kwamba mwenye shingo fupi ndiye anayejua kiu kwanza, na asiposikilizwa yeye, wengine watajua wakiwa wamechelewa.

Wakaweka sheria zao. Shimo la Mama Pundamilia halitanywewa tena na yeyote. Litabaki la kupimia, na mwenyewe atakunywa pamoja na tembo. Alilitoa, ingawa aliinama kulinusa mara moja kabla ya kuondoka. Mhanga atafukia mashimo aliyoyachimba kupita kiasi, na kuanzia hapo hachimbi bila baraza kukubali. Nungunungu atasoma mwiba kila asubuhi kwa sauti, mbele ya wote. Maji yakiwa pete ya nne, kila mmoja anywe mara moja kwa siku. Yakiwa pete ya pili, anywe siku moja, aruke siku moja. Na yakifika pete ya mwisho, ile ya chini kabisa, wanywe wanaonyonyesha na wanaonyonya tu. Wenye miguu mirefu na wasio na watoto waondoke, waende kwenye kinamasi cha mlimani, mwendo wa siku sita. Sheria hiyo ya mwisho ilitoka kinywani mwa Bibi Tembo mwenyewe.

Wakaishi hivyo. Haikuwa raha. Palikuwa na ugomvi, palikuwa na waliokunywa kwa kujificha, na mwiba ukawasema asubuhi. Kiangazi akasimama. Akaanza kutembea, akaanza kukimbia kidogo. Mvua bado.

Asubuhi moja Nungunungu aliinama shimoni, akachelewa kuinuka. Alipoinuka akasema, pete ya mwisho.

Hakuna aliyemtazama Bibi Tembo. Walimwonea aibu, maana alikuwa mzee, na siku sita ni nyingi. Mama Pundamilia akamwambia abaki, baraza litamsamehe.

"Mwanangu," Bibi Tembo akajibu, "nikibaki mimi leo, kesho nani ataondoka?"

Akawatenga mama wenye watoto wabaki. Wengine wakajipanga nyuma yake. Wakaondoka asubuhi hiyo, pu, pu, pu, vumbi likawafunika, mpaka hata vumbi likatulia.

Maji yakabaki kwenye pete ya mwisho. Siku ya kwanza, pete ya mwisho. Siku ya tano, pete ya mwisho. Siku ya kumi na tisa, pete ya mwisho, wala hayakushuka chini ya hapo. Kiangazi alinyonya kila siku. Siku ya ishirini na moja mvua ikanyesha mlimani, na Ndeseko ukaja kwa kishindo, maji mekundu toka ukingo hadi ukingo.

Tembo wakarudi. Walihesabiwa. Mbele yao alikuwa binti mkubwa wa Bibi Tembo. Alimwendea Mama Pundamilia kwanza, akamweleza kwamba mama yake alifika kinamasini, akanywa, akalala chini ya miti ya huko, hakuamka. Mama Pundamilia akaegemeza kichwa chake kwenye mguu wa yule binti. Kiangazi hakuelewa. Alikuwa akirukaruka majini.

Mto ulipokuwa umejaa hivyo, wapo waliosema baraza sasa livunjwe, maji ni tele. Nyani, ndiyo, Nyani yule yule, akasema hapana. Akasema siku za maji ndizo siku za kujifunza kuyahesabu. Kesho yake asubuhi, mafuriko yalipopungua, Nungunungu alishuka mchangani, akachimba mahali pale pale, akachomeka mwiba mpya. Wote wakaja kusikiliza. Alisoma pete ya juu kabisa. Nao wakaenda kunywa kwa zamu.

Mafunzo yake ni haya, nayasema wazi ili asikose mtu. Maji ya chini ya ardhi ni mamoja, ingawa visima ni vingi. Hayatunzwi kwa kila mtu kulinda kifuniko chake. Yanatunzwa na wote wanaoyanywa, wakikaa pamoja, wakipima, na kulitii neno walilokubaliana hata siku linapowauma.

Hadithi yangu imefika ukingoni, na hapo naiacha. Nendeni mkalale vizuri. Ila nawaomba mnikumbukie jambo moja tu. Kesho mkiteka maji, kabla ya kuinua ndoo, mkumbuke kwamba yupo mwenye shimo fupi.