Kipande cha Kwanza cha Ndafu

Sogeeni karibu, na mkae macho, maana mwishoni nitawauliza. Pale Moshi walikuwepo watu watatu. Ndeshi alikuwa na macho. Karatasi haikumpita bila kusomwa mbele na nyuma. Kaka yake, Elifuraha, alijaliwa uvumilivu. Zadoki akisema atafanya, anafanya. Watatu hawa hawakupatana hata kidogo. Aliyewakutanisha ni Aikande, mke wa Elifuraha, aliyekuwa anaumwa saratani.

Aikande alitakiwa kuwekewa dripu ya dawa kila baada ya wiki tatu, asiruke hata moja, na bima ya kiwanda alikofanya kazi mumewe ndiyo iliyolipa. Kiwanda kikatangaza kufungwa mwisho wa Juni. Mwishoni mwa Aprili Elifuraha akapata kazi kampuni nyingine, akapeleka barua ya kuacha ile ya zamani, akarudi nyumbani anapiga mluzi.

Ndeshi akaomba auone mkataba mpya. Nyuma kabisa, kwenye maandishi madogo, akakuta kwamba familia ya mfanyakazi mpya huingizwa kwenye bima mwezi Julai tu.

"Kaka, ukihama sasa, mkeo atakaa miezi miwili bila dawa."

Tangu siku ya harusi alikuwa akimwonea wifi yake wivu kwa kumchukulia kaka. Angeweza kunyamaza, lakini alisema.

Elifuraha akarudi kiwandani kuomba barua yake. Bosi akamrudishia, ila akamvua usimamizi na kumpa ufagio, afagie ghala mbele ya vijana aliowafundisha kazi mwenyewe. Alifagia mpaka Juni ikaisha.

Kampuni mpya nayo haikutaka kumsubiri. Zadoki, aliyekuwa ofisa huko, akawaomba wakubwa wasimpe mtu mwingine nafasi ile. Akasema kazi ya Elifuraha ataifanya yeye pamoja na yake. Akaifanya miezi miwili, mashati yakaanza kumpwaya. Na huyu Zadoki ndiye aliyewahi kumposa Aikande akakataliwa. Elifuraha alipoambiwa kwamba Zadoki ndiye anayemshikia nafasi, akasukuma sahani kando. Akamuuliza dada yake, mtu yule anajitesa kwa ajili ya mke wa nani?

Julai bima mpya ikaanza, dripu zikaendelea, na Aikande akapona. Ikaandaliwa sherehe ya shukrani, ikaletwa ndafu, mbuzi mzima wa kuchoma. Mshereheshaji akamkabidhi Aikande kipande cha kwanza, akamwambia amlishe aliyemwokoa.

Ndeshi akajisogeza mbele. Zadoki akainamia sahani yake. Elifuraha akamnong'oneza mkewe:

"Mama Upendo, ukimlisha yule, leo hatulali nyumba moja."

"Baba Upendo," Aikande akajibu taratibu, "asingekuwepo mmoja wenu, leo mngekuwa mnakula nyama ya matanga yangu."

Mkono wake bado uko juu, na nyama inapoa. Haya, ninyi mliosikiliza: ungekuwa mkono wako, ungemlisha nani?