Barua Iliyosomwa Mbele za Wageni

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Waliotuachia neno hili walijua kwamba kidole kikigonga jiwe, damu hutoka, mtu hukunja uso, hufunga kitambaa, na baada ya siku chache huyo arusini anacheza ngoma. Neno nalo likishateleza mdomoni haliokoteki. Hutangulia njiani, likakaa likimsubiri mwenyewe. Anayetaka ushahidi na apande mpaka Burungu, katika vilima vya Masisi, aulize habari za nyumba ya Séraphin Nzabandora.

Nyumba hiyo, katika miaka ile ya sitini, haikujua upweke. Kila Jumapili baada ya misa watu walimiminika humo kama siafu. Kasiksi, pombe ya ndizi ya pale, ilikuwa tamu, lakini maneno ya mwenye nyumba yalikuwa matamu zaidi. Séraphin alijua nani amechumbia wapi, ng'ombe wa nani amevunja ua wa nani, na kwa nini katekista hakugusa nyama kwenye arusi ya juzi. Mkewe, Vestine, alijaza vibuyu, akachochea maharagwe, akacheka pamoja na wageni. Mungu alikuwa amewabakishia mtoto mmoja tu, Marcellin, kijana wa miaka kumi na tisa, mpole kama ndama. Maneno yake yalikuwa machache, ila mikono yake ilisema: alisokota kamba za migomba zilizosifiwa kilima kizima, na fundo lake, lililozungushwa mara tatu na ncha kufichwa ndani, hakuna aliyeweza kuliiga.

Mwaka wa sitini na sita, mjumbe wa chifu aliingia katika nyumba hiyo siku ya Jumapili, akakuta imejaa. Akasema kambi ya mafunzo ya askari imefunguliwa msituni, upande wa Walikale, mbele ya Pinga, na kila kilima kinaombwa vijana wenye vifua. Hakulazimisha mtu. Aliuliza tu. Kila baba akainama kutazama kibuyu chake kana kwamba kuna nzi ndani.

Hakorimana, jirani mwenye mdomo wa pilipili, akacheka. "Séraphin, leo maneno imekuishia? Wewe mwenye unatushindaka wote kusema!"

"Iniishie miye?" Séraphin akasimama, kifua mbele. "Mujumbe, andika! Marcellin wangu njo wa kwanza, ndiye huyo! Mutoto wa Nzabandora haogopi bunduki!"

Nyumba ikalipuka kwa makofi. Mwiko wa Vestine ukasimama katikati ya chungu. Wageni walipokwisha kutawanyika, Marcellin aliuliza kwa sauti ya chini, "Papa, haungeniuliza kwanza?"

"Nikuulize mbele ya bantu, watu wote wale? Unataka banicheke?"

Ndivyo kijana alivyoandikwa, kwa sababu baba yake hakutaka kuchekwa na Hakorimana.

Siku ya safari, watu walijaa uani. Katika ukoo wao, msafiri hunywa funda moja kutoka kibuyu cha baba yake, mguu mmoja ndani ya kizingiti na mmoja nje, na baba humpa neno la kwenda nalo. Neno la siku zote lajulikana: "Nenda kwa amani, njia ikurudishe." Maneno matano tu. Lakini Séraphin aliona macho mengi yanamtazama, na macho ya watu kwake yalikuwa kama kasiksi, yalimpanda kichwani.

"Kunywa, mwanangu," alisema kwa sauti iliyofika ng'ambo ya bonde. "Na usivuke tena kizingiti hiki mupaka uwe na galoni kwa bega!"

Galoni ndizo zile tepe za cheo. Wanaume walipiga miluzi, wanawake wakapiga vigelegele. Marcellin akamtazama baba yake, akameza funda lake, akashika njia. Mbwa wao, Mulinzi, alimfuata mpaka mtoni, akarudi peke yake.

Vestine alimvuta mumewe mkono. "Papa Marcellin, mukimbilie ulitangue lile neno. Neno ya kibuyu, mwenye aliisema njo anaitangua."

"Lakini, Mama Marcellin, ilikuwa ya kuchekesha tu."

"Bantu njo walicheka. Mutoto hakucheka."

Basi wakaanza kungoja. Vestine aliwauliza wachuuzi wa chumvi waliotoka Pinga, mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alimwachia kipande cha habari: vijana wanakimbia na magogo mabegani tangu alfajiri, wanavuka mito kwa kamba, wanakula maharagwe bila chumvi. Aliposikia hilo la chumvi, hakuitia tena katika sahani yake mwenyewe. Maharagwe ya wageni aliyatia, yake akayala chapwa, bila kumweleza mtu.

Séraphin naye alikuwa na dawa yake: kusema. Jumapili moja Marcellin alikuwa amekwisha sifiwa na mkubwa wa kambi. Jumapili iliyofuata alikuwa karibu kuwa koplo. "Polepole, kaka," alisema Hakorimana, "kufika Pasaka atakuwa jenerali, na sisi tutakosa fasi ya kukaa hapa!" Nyumba ilicheka, na Séraphin akacheka kuwashinda wote. Lakini siku za kazi, nyumba ikiwa tupu, alikwenda kukaa kwenye zizi la ndama, akishika kamba zilizosokotwa na mwanawe, na Mulinzi akilala miguuni pake.

Barua ilifika mwezi wa pili, mwaka wa sitini na saba, Jumapili, nyumba imefurika. Mchuuzi mmoja aitwaye Émile aliitoa ndani ya mfuko wa chumvi. Vestine hakujua kusoma; Séraphin alijifunza kwa mapadri. Angeweza kuiweka mfukoni mpaka wageni waondoke. Lakini watu walikwisha anza kupaza sauti: "Soma! Soma, Papa Séraphin!" Naye akaikunjua, akakohoa kama padri juu ya mimbari.

Barua ilisema hivi: "Papa na Mama, nawasalimu. Nilianguka kutoka juu ya gogo tulipokuwa tunavuka mto, mguu ukavunjika. Haukuunga vizuri. Wameniandikia kwamba sifai tena kuwa askari. Galoni sitapata. Papa, je, nikirudi hivi nilivyo, utanipokea? Nangoja neno lako. Nisipolipata nitakuja mwenyewe kulisikia."

Macho ya Séraphin yalipita mistari hiyo mpaka mwisho, midomo imefungwa. Akainua uso. Vestine alikuwa amesimama, mikono imeshika kanga kifuani. Hakorimana alikuwa ameinamisha kichwa pembeni, akitabasamu.

"Anasema..." Ulimi wa Séraphin ukajikwaa, kisha ukakimbia peke yake. "Anasema anawasalimu wote, yuko muzima kama chuma, na galoni yake ya kwanza inashonwa!"

Nyumba ikatetemeka kwa vifijo. Vestine alilia kwa furaha, na jioni ile, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, akatia chumvi katika sahani yake. Séraphin alimtazama akila, akaisukuma sahani yake mwenyewe pembeni. Alijiambia, kesho nitamweleza, kesho nitaandika, "Rudi, mwanangu." Lakini kesho ilileta wageni, na keshokutwa soko la Kitchanga, ambako watu walimpongeza njia nzima. Aliichomeka barua katikati ya nyasi za paa. Pongezi zikazidi, na ukweli ukazidi kuwa mzito kubebeka, kama mzigo wa kuni ulionyeshewa mvua.

Jumapili moja ya mwezi wa tano, alasiri, nyumba ilikuwa imejaa tena. Hakorimana alitaka kujua kwa nini askari huyu mkubwa haji hata kuwasalimia wazazi.

"Aje bila ruhusa?" Séraphin alinguruma. "Na miye nilimuambia: bila galoni, kizingiti hiki hapana! Kilema na mwoga hawana fasi katika nyumba ya Nzabandora. Afadhali baniletee habari ya kilio kuliko mutoto wa kurudi mikono mitupu!"

Neno "kilema" hakuna aliyelitaja kabla yake. Lilitoka lenyewe, kwa kuwa ndilo lililokuwa likimla ndani. Watu walicheka, vibuyu vikagongana.

Mulinzi aliinuka mlangoni. Hakubweka. Alikimbia mpaka kwenye migomba nyuma ya nyumba, mkia ukicheza, akapotea huko kwa muda, kisha akarudi taratibu akiwa ameinamisha kichwa.

"Mbwa alikuwa anasalimia nani?" aliuliza Vestine. Akatoka kutazama. Chini ya mgomba wa kwanza alikuta furushi la samaki wakavu, limefungwa kwa majani na kamba. Akaingia nalo. "Papa Marcellin, tazama hili fundo."

"Fundo ni fundo, Mama. Kuna mugeni alisahau mzigo yake. Pika, bantu bale!"

Samaki wakapikwa pamoja na maharagwe, wageni wakalamba vidole. Vestine hakula. Aliikata kamba bila kuligusa fundo, akaitundika kwenye msumari kando ya mlango.

Mwezi wa nane, mama mmoja mchuuzi wa samaki, Mukandori, mzaliwa wa Shasha kule ziwani, alipita Burungu kubadilisha samaki kwa maharagwe. Akakaribishwa ndani kama kila mtu. Alipokwisha kunywa maji, akauliza kwa wema wake wote, "Mama Vestine, na mguu ya Marcellin inaendelea aje?"

"Mguu gani?"

"Ule wenye ulivunjika kambini. Si alikuwa kwetu Shasha tangu mwezi wa tatu, kisha kutolewa kambini, anashona nyavu? Nilikutana na ye hapa njiani, mwezi wa tano. Anatembea na fimbo, amebeba samaki. Akaniambia, naenda kusikia neno ya papa. Tangu siku ile sijarudi Shasha, nikafikiri alibakia kwenu."

 Vestine aligeuka kuitazama ile kamba msumarini, kisha akamgeukia mumewe. Hakupaza sauti. "Ile barua iko wapi?"

Séraphin alinyoosha mkono kwenye nyasi za paa, akaitoa.

"Soma."

"Mama Marcellin, bantu bako hapa..."

"Mbele yao njo uliisoma mara ya kwanza. Soma tena."

Akaisoma, safari hii kama ilivyoandikwa. Sauti iliyozoea kuvuka bonde haikufika hata mlangoni. Hakorimana alivua kofia. Wageni waliondoka mmoja mmoja bila kuaga, na vibuyu vyao vilibaki vimejaa.

Alfajiri iliyofuata Séraphin alishika njia ya Shasha, mwendo wa siku mbili, amebeba kibuyu cha kasiksi begani. Alikuwa anakwenda kutangua neno lake. Njia nzima alirudia yale maneno matano ambayo hakuyasema siku ile. Karibu na Sake, penye mawe meusi ya volkano, alijikwaa vibaya, ukucha wa kidole gumba ukang'oka. Alifunga kitambaa akaendelea kuchechemea, na kwa mara ya kwanza akafikiri ni vilima vingapi mwanawe alivipanda kwa mguu mbovu, amewabebea wazazi wake samaki.

Huko Shasha alimpata mzee aliyekuwa mwenyeji wa Marcellin, akilaza nyavu juani, akamwambia kwamba yeye ni baba wa kijana.

"Ulichelewa, Papa," alisema mzee. "Alirudi kutoka kwenu na homa. Nikamuuliza, baba alikujibu nini? Akasema, alinijibu, nilisikia kwa masikio yangu. Hakusema ingine. Mwezi wa sita mwishoni akapanda mtumbwi wa bachuuzi wa kwenda Bukavu. Kisha vita ya bamamluki ikaangukia Bukavu. Wenye mtumbwi walirudi. Ye, hatujui."

Séraphin aliketi juu ya mchanga. Aliweka kibuyu magotini, akatazama maji. "Nenda kwa amani," alisema, "njia ikurudishe." Mzee wa nyavu, asiyejua neno lile lilikuwa la nani, aliitikia kwa adabu, "Asanti, Papa." Pombe hakuna aliyeinywa.

Vita ya Bukavu iliisha. Séraphin alikwenda huko mara mbili, akauliza sokoni, parokiani, bandarini, na hakupata mtu aliyemwona kijana anayechechemea, hodari wa kufunga mafundo. Mwaka wa sitini na nane ukapita, na wa sitini na tisa. Burungu watu bado humsalimia anapopita, lakini Jumapili nyumba yake ina watu wawili na mbwa mzee. Hakorimana huja mara moja moja, hukaa, hukosa la kusema, hurudi kwake. Kamba bado iko msumarini kando ya mlango, fundo lake halijafunguliwa, na Vestine bado anakula maharagwe bila chumvi. Siku moja alimwona mumewe amevua kiatu mlangoni, akikitazama kidole chake cha mguu.

"Bado kinauma?" akamuuliza.

"Hapana, Mama. Kilipona zamani, hata mwezi haukuisha."

Vestine aliinama kukitazama. Ukucha mpya ulikuwa umeota, laini na mzima, usingejua kama uliwahi kung'oka. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.