Filamu ya Msitu Ulionyang'anywa

Dinah alikuwa muuguzi huko Lewisham, London. Siku za kazi alihudumia wagonjwa; siku za mapumziko alitengeneza filamu. Babu yake, mrina asali wa nyanda za juu za Kenya, aliwahi kuishtaki serikali ya kikoloni kwa kuwapokonya msitu wao. Jaji alitamka kwamba watu wasio na makao ya kudumu hawawezi kumiliki ardhi. Muda si muda, nyumba zao zikateketezwa.

Hivyo, mfuko mmoja ulipotangaza ufadhili kwa watengenezaji filamu wa jamii za asili, ili wasimulie jinsi wazee wao walivyopigania haki mahakamani, Dinah aliomba akafanikiwa. Furaha yake haikuwa na kifani. Msimulizi mkuu alikuwa mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi naye. Mama huyo alikuwa mcheshi ajabu. Hata kisa cha moto ule alikisimulia huku akicheka.

Kicheko hicho ndicho kilichomponza Dinah. Pritesh, msimamizi wa mfuko, aliwaita wote wawili ofisini kwake Stratford watazame filamu pamoja. Alimsifu Dinah, kisha akaagiza maneno ya jaji yaondolewe kwa kuwa yangewakera watazamaji. Filamu iishe mama akicheka, na chini yake yaandikwe maneno kwamba jamii imepona. La sivyo, ufadhili ungekatizwa.

Dinah alimtafsiria mama yake kila neno. Uso wa mama ukabadilika kama mbingu iliyotanda wingu zito.

"Muulize," alisema kwa sauti ya chini, "msitu wetu umerudishwa?"

Pritesh alikiri kwamba haujarudishwa.

"Basi mimi nimepona nini? Nilimwona baba akirudi kutoka mahakamani, hajui atulaze wapi. Nacheka ili niweze kusimulia. Nisipocheka, sauti hainitoki."

Pritesh aliinamisha macho. Alisema anasikitika, ila uamuzi ulikuwa wa kamati. Kamati gani hiyo, Dinah alijiuliza kwa uchungu, inayowafadhili watu waseme kisha ikawachagulia la kusema? Walinyang'anywa msitu kwa hukumu. Sasa walinyang'anywa hata hukumu yenyewe. Aliukataa ufadhili papo hapo, wakaondoka.

Filamu ilikamilishwa kwa taabu. Kamande, fundi wa sauti wa Peckham, alijitolea bila malipo, na kanisa lao likawapa ukumbi. Siku ya maonyesho, hukumu ya jaji ilisomwa yote. Mama, ambaye Dinah hakuwahi kuliona chozi lake, aliinama akalia kwa kwikwi. Kamande alitaka kuizima filamu.

"Iache," mama alisema. "Waone."

Hakuna aliyethubutu tena kumwambia kwamba hayo ni ya kale na yamekwisha. Mwenye kovu usidhani kapoa.