Gome la Mti wa Zimwi

Paukwa!
Pakawa!
Fungeni mlango kwanza, ndipo niseme.

Paliondokea mwanamke, jina lake Nakijwa, aliyepika pombe ya ulezi. Alikuwa na binti mmoja tu, Nanzia. Pombe yake ilikuwa nzuri, ila wanywaji hawakosi maneno.

"Shemeji, ya leo ndiyo ya jana!" wakamcheka. "Huna ladha nyingine?"

Basi siku moja akaingia msituni, akabandua gome la mti asioujua, akalitia mtungini. Pombe ikanukia ajabu. Watu wakagombea kata.

Ghafla mlangoni pakawa giza. Zimwi lilikuwa limeinama, linachungulia.

"Mti ule ni mimi, Nakijwa. Umenichuna ngozi. Sasa utanipikia, na kila mtungi uwe na ladha mpya. Ladha ikirudi, namla Nanzia. Onja kwanza, nami ninywe."

Kwao mpishi huonja kwanza, mgeni ajue hamna sumu. Nakijwa akaonja, kisha zimwi likanywa.

Akapika kwa asali. Zimwi likaja. "Onja kwanza, nami ninywe." Likanywa, likaenda zake.

Akapika kwa ukwaju. Zimwi likaja. "Onja kwanza, nami ninywe." Likanywa, likamnusa Nanzia shingoni, likaenda zake.

Basi ladha zikamwishia.

"Mama, safari hii utatia nini?" Nanzia akauliza.

Nakijwa aliwaza: kama gome ni ngozi ya zimwi, mizizi je? Akachukua jembe, akarudi kwenye mti ule, akaichimba yote. Ilitoka utomvu mwekundu. Akaitwanga, akaipika.

Zimwi likaja likichechemea. "Onja kwanza, nami ninywe."

Nakijwa alijua anachokunywa. Akamtazama mwanawe, akameza kata nzima. Moto ukamshika ulimi hadi kooni. Hakukunja uso.

Zimwi likaumaliza mtungi. "Hii sijawahi kuionja! Ladha ya nini?"

"Yako," akasema Nakijwa.

Zimwi likashika tumbo. Miguu ikakauka, mikono ikakauka, ulimi ukakauka. Likaanguka kama gogo.

Nakijwa alipona, lakini ulimi wake ulikufa. Asali na majivu kwake vikawa kitu kimoja. Tangu siku hiyo yeye alipika, na Nanzia ndiye aliyeonja.

Hadithi yangu imekomea hapo, mtungi umekauka. Nanyi, kabla ya kutia kitu chunguni, ulizeni kwanza ni cha nani.