Kibali cha Mlango

Enzi hizo hata msumari haukugongwa wilayani mpaka Waziri Mwinyikombo, aliyekaa mji mkuu, atie saini. Pampu ya kisima cha Kilongo ilikuwa imekufa mwaka mzima ikingoja saini hiyo.

Waziri alipokuja kukagua, karani wa wilaya, Bi Zaituni, alimpasulia madafu matatu. "Kunywa, mheshimiwa. Maji ndiyo hatuna."

Haukupita muda, Waziri akauliza choo.

"Kile pale. Ila hapa mlango hauguswi bila kibali cha wizara."

"Wizara ndiyo mimi."

"Basi andika, mheshimiwa. Na pampu usiisahau, isije ikakurudisha huku."

Waziri, mapaja ameyabana, akaandika mbio mbio: kuanzia leo, milango, pampu na matengenezo yote ya wilaya yaamuliwe wilayani. Akatia saini.

Bi Zaituni aliisoma karatasi taratibu, akaikunja, kisha akausukuma mlango kwa kidole kimoja. Ukafunguka.

"Kumbe haukufungwa?"

"Ungefungwa na nini, mheshimiwa? Kitasa kiliharibika mwaka juzi. Barua ya kuomba kingine iko mezani kwako."